Fedha Hubaki Matopeni, Jeni Huendelea na Safari

Maji yanayooshea meza na sakafu za bucha katika Soko la Burma, kando ya Jogoo Road jijini Nairobi, yana safari ndefu. Soko hilo liko kati ya Mto Nairobi na Mto Ngong. Mito hiyo miwili hukutana mashariki mwa jiji na kuingia Athi. Athi ikifika Tsavo huitwa Galana, na ikikaribia pwani huitwa Sabaki. Ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana, na humwaga maji yake Bahari ya Hindi kati ya Malindi na Mambrui. Mama anayenunua matumbo Burma na mvuvi wa kamba wa Ghuba ya Ungwana hawajuani, lakini kinachotupwa na mmoja kinaweza kumfikia mwenzake.

Ndiyo maana swali la chembe za nano za fedha, ambalo kwa kawaida huachiwa maabara za ng'ambo, linatuhusu. Fedha ninayoisema hapa ni madini, yale yale ya pete na mikufu, yakiwa yametengenezwa kuwa chembe za kati ya nanomita 1 na 100. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi, na bakteria wa tumboni kama E. coli ana urefu wa nanomita 2,000. Chembe hizo hutiwa katika soksi na fulana za michezo ili zisinuke jasho, katika bandeji za vidonda, katika vyombo vya plastiki na majokofu yanayonadiwa kuwa yanaua vijidudu. Vichungi vya maji vya udongo wa kuchoma navyo hupakwa fedha ili bakteria wasizaliane ndani yake.

Wauzaji wanasema fedha inaua kila kijidudu na haina madhara. Wanaopinga wanahofia kwamba ikifika mlango wa mto itaangamiza bakteria wa matopeni ambao ndio wasafishaji wa maji. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinatazama mahali pasipo. Matope ya Sabaki yana uwezo mkubwa wa kuinyamazisha fedha. Hatari kubwa iko juu zaidi, mjini, pale fedha ikiwa bado ina makali na inakutana na bakteria ambao tayari wamezoeshwa dawa. Huko ndiko usugu unakochaguliwa, na usugu hauzami matopeni pamoja na madini yaliyouzaa.

Tuanze na namna fedha inavyoua. Uso wa chembe ukigusana na maji na oksijeni hutoa ioni za fedha kidogo kidogo. Ioni hizo hung'ang'ania salfa iliyomo katika protini za bakteria, zikaharibu utando wake wa nje, zikavuruga mfumo wake wa kupumua na kuzalisha ndani yake kemikali za oksijeni zinazochoma kila zinapogusa. Kadiri chembe ilivyo ndogo, ndivyo uso wake unavyokuwa mkubwa ukilinganishwa na uzito, na ndivyo ioni zinavyotoka kwa wingi.

Maarifa haya yana historia ndefu. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Carl Credé alieneza matumizi ya matone ya naitreti ya fedha katika macho ya watoto wachanga ili kuzuia upofu. Kisha ikaja penisilini. Vita Kuu ya Pili, ile iliyowapeleka askari wa Afrika Mashariki kupigana Burma na kuliachia soko letu jina, ndiyo iliyoieneza penisilini duniani, na fedha ikasukumwa pembeni. Ilirudi hospitalini katika miaka ya 1960 kwa ajili ya majeraha ya moto, na hadi leo krimu ya silva sulfadiazini ni dawa inayojulikana na muuguzi yeyote wa wodi ya waliochomeka. Jiko la mafuta ya taa likilipuka katika chumba kimoja cha mtaa wa Shauri Moyo, krimu hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kusimama kati ya mtoto na maambukizi. Uzito wa suala lote uko hapo: fedha tunayoitia katika soksi ni silaha ile ile tunayoitegemea wodini.

Sasa tazama salfa kwa karibu. Kiu ile ile ya fedha kwa salfa inayomuua bakteria ndiyo inayoinyang'anya fedha makali yake. Nenda kwenye mlango wa Sabaki maji yakiwa yametoka, chimba kwa kisigino. Juu kuna tope la kahawia. Ukishuka kiasi cha upana wa vidole vichache linageuka jeusi, na pua inapata harufu ya yai viza. Harufu hiyo ni ya salfaidi, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi bila oksijeni. Fedha ikiikuta hapo hugeuka salfaidi ya fedha, mojawapo ya misombo isiyoyeyuka kabisa katika maji, na ioni haziponyoki tena kwa urahisi. Si lazima hata isubiri pwani. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliziona kwa darubini ya elektroni chembe za salfaidi ya fedha katika tope la mtambo wa maji taka, na mwaka uliofuata watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba sehemu kubwa ya chembe za fedha zinazoingia mtamboni hugeuka hivyo kabla ya kutoka. Mabwawa ya Ruai, yanayopokea maji taka mengi ya Nairobi, yana mazingira yanayofaa kwa kazi hiyo hiyo. Hata mitaro yetu myeusi ya kiangazi ina salfaidi tele.

Chumvi nayo ina lake. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 19 za kloraidi. Mto unapokutana na bahari, chembe zilizokuwa zikisukumana kwa chaji ya umeme hupoteza msukumo huo, hushikana na kuzama pamoja na udongo. Ioni zilizoyeyuka hukamatwa na kloraidi. Penye chumvi kidogo hutokea kloraidi ya fedha, ambayo ni yabisi na huzama. Penye chumvi nyingi kloraidi huizunguka ioni na kuirudisha majini ikiwa imeyeyuka, ila imefungwa. Kwa hiyo hali ya fedha katika mlango wa mto hubadilika kwa saa na kwa siku: maji ya bamvua yakipanda hadi ndani ya mto kemia yake ni moja, maji mafu na mafuriko ya masika yakiisukuma bahari nje ni nyingine. Pepo pia zinahesabika. Wakati wa kusi maji mekundu ya Sabaki huelekea kaskazini; wakati wa kaskazi hurudi kusini hadi Ghuba ya Malindi, ambako kuna hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Fedha iliyonaswa na udongo huenda udongo unakoenda.

Je, bakteria wa matopeni hudhurika? Jaribio linalogusa swali hili moja kwa moja lilifanywa na watafiti wa Plymouth, Uingereza, waliochapisha kazi yao mwaka 2009. Walichukua tope la mlango wa mto, wakaliongezea chembe za nano za fedha, kisha wakachunguza mchanganyiko wa jamii za bakteria. Hawakuona badiliko la maana. Kundi hilo hilo liliuliza pia kama bakteria wa tope lile waliongeza usugu dhidi ya antibiotiki, na jibu likawa hapana. Naamini matokeo yale. Yanakubaliana na kemia niliyoieleza, na yanapaswa kumtuliza anayehofia kwamba soksi za Nairobi zitaua mlango wa Sabaki.

Lakini kuhesabu waliopo si sawa na kutazama wanachokifanya. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti ni dhaifu mbele ya fedha kuliko wengi wa wenzao; hilo lilionekana mapema katika tafiti za maji taka, hasa kwa chembe ndogo kuliko nanomita 5. Mwaka 2017 watafiti wa China waliotumia matope ya mlango wa Mto Yangtze walionyesha kwamba chembe za fedha hupunguza kazi hiyo, na kwamba kwa vipimo vidogo huongeza utoaji wa naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto kwa nguvu kubwa kuliko kaboni dioksaidi. Hapo ndipo Sabaki inapokuwa ya kipekee. Mto unaobeba kinyesi, mkojo na mbolea kutoka mji wa mamilioni na mashamba ya Ukambani hufika pwani na naitrojeni nyingi. Kazi ya kuigeuza iko mikononi mwa bakteria hao hao dhaifu. Wakichelewa, mzigo utasonga hadi kwenye mazalia ya kamba na kwenye matumbawe.

Na kuna wakazi wengine wa matope. Ghuba ya San Francisco ina kisa kinachostahili kujulikana Afrika Mashariki kuliko kinavyojulikana. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, matope ya Palo Alto, jirani na bomba la mtambo wa maji taka, yalikuwa na fedha nyingi, sehemu yake ikitokana na usafishaji wa picha. Samuel Luoma na wenzake wa taasisi ya jiolojia ya Marekani walifuatilia chaza wadogo wa hapo mwaka baada ya mwaka. Chaza walijaa fedha na uzazi wao ukaharibika. Mtambo ulipoboreshwa na fedha kudhibitiwa kwenye chanzo, kiwango mwilini mwao kilishuka na uzazi ukarudi. Ile fedha iliyofungwa na kloraidi, isiyomsumbua sana bakteria, huweza kuingia mwilini mwa chaza. Anayetaka kulinda mlango wa mto basi asiishie kwenye bakteria. Aangalie pia wale wanaochuja maji na kula tope. Palo Alto inafundisha jambo la pili: waliweza kuthibitisha ugonjwa na kupona kwa sababu walikuwa wamepima miaka mingi mfululizo.

Vipimo lazima vitajwe. Majaribio mengi ya kuua bakteria kwa chembe za fedha, yakiwemo yale yanayofanywa na vyuo vikuu vyetu kwa chembe zilizotengenezwa kwa majani ya mimea, hutumia miligramu kwa lita. Makadirio ya mito ya Ulaya yako katika nanogramu kwa lita, yaani mara milioni chini ya hapo. Anayechukua matokeo ya sahani ya maabara na kuyatangaza kuwa ndiyo hali ya mto anapotosha. Kwa kipimo kidogo hivyo bakteria hafi. Anaishi, anasumbuliwa kidogo, na kusumbuliwa kidogo ndiko kunakompa nafasi yule aliye na kinga.

Turudi Burma. Jioni, wateja wa nyama choma wakianza kujaa, mwuza nyama husugua gogo la kukatia. Mikato ya kisu imelichimba mifereji midogo iliyojaa mafuta na damu, na humo bakteria hujijengea utando wa ute unaowafunika kama blanketi. Muuzaji wa vyombo akimletea ubao wa plastiki wenye fedha na kumwambia hautaki kusuguliwa, anamdanganya. Protini za damu zina salfa. Zinaikamata fedha kabla haijamfikia bakteria. Mafuta yanaufunika uso wa ubao. Kinachosafisha gogo ni maji yanayochemka, sabuni na brashi ngumu, na kilichokosekana katika masoko yetu mengi ni maji ya bomba ya uhakika na mitaro inayopitisha. Kaunti ikitandaza mabomba na kuunganisha mitaro na mfumo wa maji taka, itakuwa imezuia magonjwa mengi kuliko plastiki yoyote yenye fedha.

Nyama yenyewe ina sehemu katika hadithi hii, tena kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Jeni zinazompa bakteria kinga dhidi ya fedha hujulikana kwa jina la sil. Zilitambuliwa kutokana na maafa ya hospitali moja ya Boston, ambako salmonela asiyesikia naitreti ya fedha aliingia wodi ya majeraha ya moto na kuua wagonjwa 3. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1975. Jeni hizo zilikuwa juu ya plazimidi, kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwingine, na plazimidi hiyo hiyo ilibeba usugu dhidi ya zebaki na antibiotiki kadhaa, zikiwemo ampisilini na tetrasaiklini. Baadaye ikaonekana kwamba jeni za sil mara nyingi hukaa bega kwa bega na jeni za kinga dhidi ya shaba. Shaba huongezwa katika vyakula vya nguruwe na kuku sehemu nyingi za dunia. Mnyama anayelishwa shaba nyingi anaweza basi kuwalea tumboni bakteria wanaoihimili fedha, bila yeye kuiona fedha maisha yake yote. Ng'ombe aliyedungwa oksitetrasaiklini na kuuzwa kabla ya siku za dawa kuisha anaongeza shinikizo upande wa pili wa plazimidi ile ile.

Mtoni dawa nyingine zinangoja. Watafiti wa Kenya na Ubelgiji wameonyesha kwamba Mto Nairobi hubeba mabaki ya dawa za binadamu: antibiotiki kama sulfamethoksazoli, na dawa za virusi vya UKIMWI kama nevirapini. Mgonjwa humeza, mwili hutumia sehemu, zinazobaki hutoka na mkojo. Katika maji ya namna hiyo fedha haihitaji kuwa nyingi. Kila kichocheo kinachombakiza hai mwenye plazimidi kinatunza pia usugu wote uliopandishwa juu yake. Katika Enterobacter na Klebsiella, bakteria wasumbufu wa wodi zetu, jeni za sil zimeonekana mara nyingi, na majaribio yameonyesha kwamba zikiwa zimelala, badiliko dogo la kijeni linatosha kuziamsha.

Kwa hiyo kinachofika Sabaki ni vitu viwili tofauti. Fedha hufika imefungwa na salfaidi, imeshikamana na udongo, na sehemu kubwa huishia chini. Bakteria hufika hai au nusu hai. Jua la Tsavo na chumvi ya bahari huwaua wengi wa wale wa tumboni, lakini tope zito la Sabaki huwakinga dhidi ya mwanga, na kabla ya kufa wanaweza kumpa plazimidi bakteria wa kienyeji aliyezoea chumvi. Jaribio la Plymouth lilitazama kama fedha inachagua usugu ndani ya tope la mlango wa mto. Swali letu ni lingine: usugu uliokwisha kuchaguliwa mjini, katika kidonda, tumboni mwa nguruwe na katika mtaro, unafika pwani kwa kiasi gani na unabaki?

Ninaloweza kuliondoa katika orodha ya hofu ni mtumba. Soko la Gikomba liko karibu na Burma, na ni rahisi kunyooshea kidole marobota ya soksi za michezo. Utafiti wa Arizona uliochapishwa mwaka 2008 ulifua soksi zenye fedha za aina kadhaa: baadhi zilipoteza karibu fedha yote katika fuo chache, nyingine ziliishikilia. Soksi iliyovaliwa Ulaya na kufuliwa kwa mashine miezi kadhaa imeacha sehemu ya fedha yake katika mabomba ya huko. Bidhaa mpya za bei nafuu ndizo zinazoanza kutoa fedha yao hapa, kwenye beseni, na beseni la mtaa wa Kaloleni au Maringo humwagwa mtaroni.

Sioni sababu ya kupiga marufuku kila kitu. Kichungi cha udongo kilichopakwa fedha kinaokoa maisha ya watoto katika nyumba inayochota maji ya kisima, na Shirika la Afya Duniani linasema fedha hadi miligramu 0.1 kwa lita ya maji ya kunywa inaweza kuvumilika bila hatari. Krimu ya majeraha ya moto ibaki. Lakini soksi, kifuniko cha simu, ubao wa nyama na jokofu havina hoja ya kiafya ya kuhalalisha kuitumia silaha hii ovyo, na Shirika la Viwango la Kenya linafaa kumdai mwagizaji atangaze fedha iliyomo na athibitishe anachodai. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilipima metali kwa miligramu kwa lita, bila kujali ni ioni, ni chembe ya nano au ni salfaidi iliyolala. Kwa fedha, tofauti hiyo ndiyo yenye kuamua kama ni sumu au ni vumbi.

Kupima kunawezekana kwa taasisi tulizo nazo. Maji na tope vichukuliwe mtaroni Burma, kwenye mlango wa kuingilia na wa kutokea wa Ruai, na kwenye daraja la Sabaki. Kiangazi mara moja, na tena mvua za kwanza za masika zinapokokota kila kilichokaa mitaroni. Fedha ipimwe kwa jumla na kwa aina zake, jeni za sil zihesabiwe pamoja na zile za usugu wa antibiotiki, na chaza wa Mambrui wachunguzwe kama walivyochunguzwa wale wa Palo Alto. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iko Mombasa na inaifahamu pwani hiyo. Muda hauko upande wetu. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018, limekingamishwa mtoni chini kidogo ya pale Athi inapokutana na Mto Thwake. Likianza kujaa, sehemu kubwa ya tope la Nairobi itatua humo, katika maji yanayokusudiwa kunywewa Makueni na Kitui, na Sabaki itapata udongo mchache kuliko leo. Sampuli za kwanza zinafaa kuchukuliwa sasa, kabla ya hapo, ili tuwe na cha kulinganisha katika bwawa na pwani.